Cherehani Ikinyamaza

Mbwa yule aliitwa Marinda, na jina lilimkaa kuliko nguo yoyote iliyowahi kutoka mikononi mwa Fundi. Alizaliwa na ngozi iliyomzidi kipimo. Mikunjo usoni, mikunjo mgongoni, shingoni ndiyo usiseme. Fundi, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa akishona sketi za sare za shule, zile za marinda, alipomwona ndani ya boksi mlangoni kwa jirani yao mwenye bucha alisema, "Salaale! Huyu amekunjwa, kisha wakasahau kumpiga pasi." Akambeba. Hakumuuliza mtu, na hasa hakumuuliza mumewe.

Mumewe, tuseme kweli, alikuwa na haki ya kuulizwa. Alikuwa mpeleka barua mstaafu, mtaa mzima ukimwita Mzee Barua, na katika kazi ile aliumwa na mbwa mara tatu, zote mguu uleule wa kushoto, utadhani mbwa walikuwa wamepeana taarifa. Mara ya kwanza alipeleka suruali yake ya kazi kwa binti mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kushona. Ikashonwa vizuri. Kesho yake akarudi kusema uzi umefumuka, kesho kutwa akarudi tena, na uzi haukuwa umefumuka hata kidogo. Ndiyo maana kila alipolalamika kuhusu Marinda, Fundi alimwambia, "Bila mbwa wewe ungenipatia wapi?"

"Ndiyo sababu nawaogopa," alijibu Mzee Barua.

Hata siku moja hakumwita Marinda kwa jina. Alisema "huyo mbwa wako." Huyo mbwa wako amelala juu ya gazeti langu. Huyo mbwa wako ananitazama ninavyokula. Akitaka kwenda jikoni na Marinda amejilaza njiani, alizunguka kwa mlango wa nje, mvua inyeshe isinyeshe.

Na Marinda naye hakuwa malaika, jamani. Alitafuna futi ya Fundi, akala inchi nne za mwanzo, ikawa Fundi anapima kisha anatoa nne kichwani. Siku moja akasahau kutoa, kinyozi akapelekewa suruali ambayo angeweza kuivaa yeye na mteja wake kwa pamoja. Alibwekea pasi. Alizika vifungo kwenye chungu cha maua. Lakini kubwa kuliko yote ilikuwa namna yake ya kukaribisha wageni. Mgeni akiingia tu, Marinda alishikwa na furaha isiyoweza kukaa ndani ya mwili wa mbwa mmoja. Alinyakua kiatu chochote kilichokuwa karibu, akazunguka sebule mara tatu mbio, kucha zikigonga sakafu ka-ka-ka-ka, na baada ya mzunguko wa tatu aliruka na kumkumbatia mgeni kifuani. Si wa pili, si wa nne. Wa tatu. Wageni wenye uzoefu walihesabu, kisha wakashika ukuta.

Fundi alimpenda mbwa yule, sizungushi maneno. Kitinda mimba wake alikuwa ameolewa mwaka uliopita, chumba cha watoto kikabaki na vitanda vitupu, na nyumba ikawa kimya kiasi kwamba alikuwa akiwasha redio ili tu pawe na mtu anayeongea. Tangu Marinda aje, redio ilikuwa haiwashwi.

Basi, jioni moja, Mzee Barua akaweka simu mezani na kukohoa kile kikohozi chake cha mambo mazito.

"Dada anakuja kukaa nasi. Miezi mitatu, mpaka apone."

"Wifi? Karibu sana! Chumba si kipo?"

"Chumba kipo. Tatizo si chumba."

Wote wawili wakamtazama Marinda, aliyekuwa anajaribu kuingiza kichwa ndani ya gumboti.

Wifi huyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke ambaye alikuwa akitembea barazani wanafunzi wakinyamaza madarasa mawili mbele yake. Sasa alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga na anatembea kwa magongo. Daktari alikuwa amesema asianguke. Akianguka mara moja tu atarudi kupasuliwa, na safari hiyo huenda asitembee tena.

"Mimi si mtu mbaya," alisema Mzee Barua. "Unanijua. Lakini huyo dada ndiye aliyenilea mama alipofariki. Anakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Huyo mbwa wako akiweza kukaa chini mgeni akiingia, abaki. Akimrukia mtu, Jumapili anakuja mlinzi wa machimbo ya mawe kumchukua. Nimeshaongea naye."

Fundi alimfikiria wifi yake sakafuni na magongo yake, akamfikiria Marinda kamba shingoni kule kwenye vumbi la mawe, na yote mawili yalimchoma moyo. Akasema tu, "Sawa. Nipe hizo siku kumi."

Siku kumi, na wakati huohuo shule zinakaribia kufunguliwa! Mtu yeyote mwenye fundi wa nguo katika ukoo wake anajua maana yake. Mezani kulikuwa na sketi arobaini zinazongoja kushonwa, kila moja na marinda yake kumi na sita, na wazazi wakipita dirishani kuulizia. Fundi hakuwa na nafasi ya kwenda uwanjani kufundisha mbwa. Akaamua kumfundishia hapohapo kazini. Alikaanga maini, akayakata vipande vidogo, akavitia kwenye kopo la bobini za uzi. Bobini zenyewe akazimwaga kwenye droo zijue pa kukaa. Marinda akawekwa juu ya lundo la vitambaa pembeni ya cherehani.

Cherehani ya Fundi ilikuwa ile ya kupiga kwa miguu, nzito, ya chuma, yenye sauti ya treni inayopanda mlima. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Watoto waliambiwa hivyo tangu wakiwa tumboni, na Mzee Barua aliambiwa siku ya harusi.

Alishona rinda moja, akasimamisha mguu, akamgeukia Marinda. "Kaa!" Marinda akamtazama. Fundi akamkandamiza makalio taratibu mpaka yakagusa chini, akampa ini. Akarudi kushona. Rinda jingine, mguu ukasimama. "Kaa!" Ini. Siku ya kwanza ilikwisha hivyo, na ya pili. Siku ya tatu Marinda alikaa bila kuguswa. Siku ya tano alikaa kabla Fundi hajamaliza kufungua mdomo.

"Njoo uone!" Fundi alimwita mumewe. Mzee Barua akaja mpaka mlangoni, hatua moja nje, moja ndani. Cherehani ikalia, ikanyamaza. "Kaa!" Marinda akakaa, wima, mikunjo yote imetulia usoni mithili ya hakimu.

"Mh," alisema Mzee Barua. Kwa mtu aliyemjua, ile "mh" ilikuwa hotuba nzima ya pongezi.

Fundi akavimba kichwa. Aliwasimulia wateja, akamsimulia kinyozi, akamsimulia mwenye bucha, ambaye alicheka na kusema mama yake Marinda mwenyewe hajawahi kukaa hata kwa kuombwa. "Basi njoo Alhamisi ujaribu," alisema Fundi. "Wewe utakuwa wifi yangu."

Alhamisi mwenye bucha akaja, mwanamume wa kilo mia na ushee, kajifunga upande wa khanga ili afanane na wifi na kushika mipini miwili ya mafagio iwe magongo. Mzee Barua alikaa kwenye kiti cha mbali kabisa, miguu juu. Fundi akasimama katikati ya sebule, mgongo umenyooka. Mlango ukafunguliwa.

"Hodi," alisema mwenye bucha kwa sauti nyembamba.

"Kaa!" alisema Fundi.

Marinda alichukua kandambili na kuanza mzunguko wa kwanza.

"Kaa! Marinda, kaa! Kaa nakwambia!"

Wa pili. Fundi alipiga makofi, akapiga mguu chini, akatikisa kopo la maini. Wa tatu. Mwenye bucha alitupa mafagio na kugeuka akimbie, lakini khanga ilimbana miguu, akaangukia ndani ya kapu la vitambaa, makalio yakatangulia, Marinda juu yake akimlamba masikio. Kumtoa kapuni walihitaji watu wawili, na kapu halikupona.

"Haikuwa haki," Fundi alisema baadaye. "Mtu ananuka nyama kutoka kichwani hadi kwenye soksi. Hata mimi ningemrukia."

Mzee Barua hakucheka. "Nimeona kwa macho yangu, mama," alisema polepole. "Samahani." Akatoka nje na simu yake, na kupitia dirishani Fundi akamsikia akimwambia mlinzi wa machimbo kwamba Jumapili ipo palepale, na asisahau kamba.

Usiku ule Fundi hakula. Asubuhi ya Ijumaa akakaa kwenye cherehani na sketi sita zilizobaki, amenuna, hataki kuongea na mtu wala mbwa. Marinda alijilaza mahali pake. Fundi akashona kwa hasira, mguu unapiga pedali kana kwamba pedali ndiyo iliyomwita mlinzi. Ghafla uzi ukakatika. Akasimamisha mguu, akaokota ncha ya uzi, akainua macho aitie kwenye sindano.

Marinda alikuwa amekaa. Wima. Anangoja ini.

"Nani kakwambia ukae?" aliuliza Fundi.

Akapiga pedali tena bila uzi. Marinda akalala. Akasimamisha. Marinda akakaa. Akapiga, akalala. Akasimamisha, akakaa. Fundi akaondoka kwenye cherehani, akasimama katikati ya chumba na kusema, "Kaa!" Marinda akamtazama miguu, kisha akaitazama cherehani, kisha akajikuna sikio.

Hapo Fundi akajishika kiuno. Miaka thelathini! Miaka thelathini hajawahi kuongea huku cherehani inalia, kwa kuwa haisikiki sauti ya mtu. Akitaka kusema neno, kwanza mguu unasimama, ndipo mdomo unafunguka. Hata hajijui kama anafanya hivyo. Siku zote nane hakuwahi kumwambia Marinda "kaa" hata mara moja ambapo cherehani haikuwa imenyamaza kwanza. Maskini mbwa hakuwa amelisikiliza hilo neno lake kamwe. Alikuwa anasikiliza cherehani ikinyamaza.

Alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, kisha akalia kidogo, kisha akamwita mumewe akamweleza yote. Alitegemea kuchekwa. Mzee Barua alimsikiliza akiwa pale mlangoni, akakuna kidevu.

"Hilo hata mimi ningekwambia," alisema. "Cherehani ikilia najua nina amani. Ikinyamaza tu, najua nimeshaitwa, nakaa vizuri kwenye kiti kabla hujafika. Miaka yote hii."

"Kumbe!"

"Kumbe nini? Umenifundisha vizuri. Mimi sikupewa hata maini."

Wakacheka wote wawili, na kicheko kilipoisha wakabaki wanatazamana. Siku moja imebaki. Hakuna mbwa anayefundishwa upya kwa siku moja. Mwisho Fundi akasema, "Nisaidie kuisogeza. Tuiweke sebuleni, karibu na mlango. Wifi akija saa kumi, mimi nitakuwa nimekaa hapo nashona. Akigusa mlango tu, nasimamisha. Nipe hiyo nafasi moja."

Mzee Barua alikuwa na mgongo wake wa kustaafu na hakuwa na imani hata punje. Lakini alishika upande wa pili wa cherehani, wakaiburura hadi sebuleni, wakaegemea ukuta wakihema.

Jumamosi saa nane kasoro, nyumba imefagiliwa, kitanda cha wifi kimetandikwa shuka jipya, sketi ya mwisho iko chini ya sindano inasubiri. Fundi akaona saa mbili zinamtosha kabisa. Akaingia kuoga.

Walikuwa wamesahau jambo moja tu. Mwalimu mkuu, tangu dunia iumbwe, hajawahi kufika mahali kwa wakati. Hufika kabla.

Fundi alikuwa amejipaka sabuni kichwa kizima, macho yamefumbwa, aliposikia teksi inaondoka nje. Kisha akasikia, juu ya ngazi za mlangoni, tok. Kimya kidogo. Tok. Hiyo haikuwa fimbo. Yalikuwa magongo.

Akapapasa ndoo, akaipiga teke, maji yote yakamwagika. "Baba!" alipiga kelele. "Mlango! Usifungue mlango!"

Lakini wifi hakuwa mtu wa kungoja kufunguliwa. Bawaba ililia, na ile sauti ya barazani ikasema, "Wenyewe hamjambo?"

Ka-ka-ka-ka-ka. Kucha sakafuni. Mzunguko wa kwanza.

"Dada, shika ukuta!" ilikuwa sauti ya Mzee Barua. "Kaa! We mbwa, kaa!"

Fundi alitafuta khanga kwa mikono miwili, sabuni inamuunguza macho, haoni msumari wala mlango. Ka-ka-ka-ka-ka. Wa pili. Akamwona wifi yake sakafuni kama vile yuko pale. Akaiona na ile kamba. "Mungu wangu," alisema, "Mungu wangu, Mungu wangu."

Na hapo akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia maishani mwake. Alisikia cherehani yake ikilia, na yeye mwenyewe hayupo kwenye kiti.

Ililia vibaya. Ilirudi nyuma, ikakwama, ikakoroma, ikashika mwendo wa punda mgonjwa, ka-ka-ka za Marinda zikiwa zimeingia mzunguko wa tatu. Kisha ikanyamaza.

Kucha nazo zikanyamaza.

Fundi alisubiri kishindo. Hakikuja. Akajifunga khanga upande upande, akatoka mbio akiteleza, povu limemjaa kichwani hadi mabegani, akasimama kwenye mlango wa sebule.

Wifi alikuwa amesimama imara juu ya magongo yake mawili. Hatua moja mbele yake alikuwa Marinda, amekaa wima, kiatu cha Mzee Barua mdomoni, mkia unafagia sakafu, anamtazama mwalimu mkuu machoni. Na kwenye cherehani, kwenye kiti kile kisichokaliwa na mtu mwingine, alikuwa Mzee Barua, jasho linamtiririka, mguu wake wa kushoto ungali juu ya pedali.

Kisha wifi akaegemeza gongo moja kwapani, akanyoosha mkono, akakitoa kiatu mdomoni mwa Marinda. Marinda akakiachia bila ubishi.

"Nimefundisha miaka thelathini na minane," alisema wifi. "Wanafunzi wa kukaa namna hii niliwapata wawili, na mmoja alikuwa anasinzia." Akageuka. "Wifi yangu, mbona una povu?"

Fundi akaketi chini palepale akamkumbatia Marinda na sabuni yake yote. Alilia na kucheka kwa pamoja, na wala hakuona haya.

"Mama," alisema Mzee Barua.

"Nini?"

"Njoo na mkasi."

Akainua mkono wake wa kulia, na sketi ya marinda ikainuka nao. Alikuwa ameishona kwenye upindo wa mkono wa shati lake, mishono mitatu imara na mmoja uliopinda. Wifi aliangua kicheko mpaka ikabidi aletewe kiti kwa haraka.

Mzee Barua akatoa simu mfukoni kwa mkono wa kushoto, akaisogeza mbali na macho, akabonyeza. "Ee, bwana mlinzi. Ni mimi. Kesho usije. Hapana, sijampa mtu mwingine." Akamtazama Marinda, aliyekuwa ametapakaa povu na bado amekaa, anangoja haki yake. "Mbwa wangu hana tatizo. Ndiyo, wangu. Si umenisikia?"

Fundi alisikia. Akafuta macho, akainuka, akachukua kopo la maini kutoka dirishani na kulitia mkononi mwa mumewe, ule usioshonwa.

"Mpe wewe. Wewe ndiye uliyemkalisha."

"Na mkasi je?"

"Subiri nikamalizie kuoga."

"Mama! Utaniacha nimeshonwa hivi?"

Akamwacha. Bafuni alijaza maji mapya, akaanza kusuuza kichwa, na kupitia ukutani akasikia cherehani yake inalia kwa mwendo wake wa punda, inanyamaza, inalia tena, inanyamaza. Ile sketi ilikuwa imekwisha, hakuna la kuiokoa. Kila cherehani iliponyamaza alimsikia Mzee Barua akisema, "Haya, chukua, Marinda," na dada yake akicheka, akimwambia, "Hebu rudia."